Shangazi wa Leo

Losa alikuwa na miaka minane, na kwa kuchagua shangazi sijaona mtu wa kumfikia. Anasimama karibu na mlango wa supamaketi, mkoba wa shule mgongoni, mdogo wake Tui kamshika mkono, macho yake yanapita juu ya watu kama mama mzoefu anayechagua nyanya. Huyu mwembamba mno. Huyu ana haraka. Huyu yuko kwenye simu, hatatuona hata tukimkanyaga. Halafu anatokea mama wa Kisamoa, mnene wa kutosha, gauni la maua, ua jingine sikioni, kitoroli kimejaa nyama ya kopo. "Huyo," Losa anamnong'oneza Tui. Basi wanaingia nyuma yake, si karibu sana akashtuka, si mbali sana mlinzi akaanza kujiuliza. Wanamfuata rafu kwa rafu kama vifaranga.

Aliyewafundisha ni mama yao, dada yangu Sulia. Mimi naitwa Fereti, mjomba wao. Kazi yangu nyumbani ni kuchekesha watu. Ile ya kulipwa ni kutundika kuku kwenye ndoano kiwandani, na niwahakikishie kuku hawacheki.

Sulia alikuwa akifua mashuka ya hospitali, anaingia mchana, anatoka jioni watu wameshakula. Baba wa watoto alikwenda kutafuta kazi migodini upande wa Perth, akapotelea huko kwa hiari yake. Mama yetu alipokuwa hai, watoto walitoka shule wakamkuta yeye kibarazani na sufuria la majimbi. Mama alipofariki, Sulia aliwafungia ndani na televisheni. Jirani akapiga simu. Wakaja wanawake wawili wa Idara ya Watoto, wakaangalia vitanda, wakaangalia friji, wakasema tukisikia tena hawa wameachwa peke yao, tutawachukua. Walisema kwa upole sana, mpaka Sulia akawaongezea chai.

Shule ilikuwa na mahali pa kubaki watoto baada ya masomo, ila foleni yake ni ndefu kiasi kwamba Tui angepata nafasi akiwa anamaliza chuo kikuu. Nyumbani haiwezekani tena, jirani ana masikio. Yakabaki Maduka, lile jengo kubwa lililopakana na shule. Kuna taa, kuna ubaridi wakati wa joto, kuna vyoo safi kuliko vyetu. Na kumejaa watu wetu, kwa sababu huku magharibi ya Sydney Msamoa akikosa pa kwenda anakwenda Maduka, na akiwa na pa kwenda anapitia Maduka kwanza.

Kwetu mtoto akikufuata humfukuzi. Unageuka, unamuuliza ni wa nani. Akikutajia jina la babu yake umeshajua kijiji, kanisa, na nani katika ukoo wake aliwahi kupigana na nani katika ukoo wako. Halafu unamgombeza kwa kuwa soksi zimeshuka. Ukishamgombeza, basi huyo ni wako mpaka atakapokuja mwenyewe. Sulia hakuwaomba wale akina mama chochote, na wao hawakuuliza. Siku moja mlinzi mgeni alimsimamisha Shangazi Fuatino, mwimbaji wa kanisani kwetu, mwenye sauti ya kubomoa ukuta.

"Samahani mama, hawa watoto wako?"

"Wangu. Kwani unanunua?"

Mlinzi akaomba radhi. Fuatino akawanunulia chipsi, akamfuta Tui kamasi kwa ukingo wa gauni lake, akaendelea kubishana na muuza samaki.

Nilimtania dada yangu. "Sulia, ukiwafundisha hivi, wanao watakuja kumfuata hata mwizi."

"Mwizi wa Kisamoa atawarudisha," akasema. "Tena na chipsi."

"Na mwizi asiye Msamoa?"

"Ndiyo maana nimemwambia Losa achague." Akamgeukia binti yake. "Enhe, na nini kingine?"

"Usilie," Losa akasema kama anasoma aya. "Usigeuke-geuke nyuma. Anayegeuka-geuka anatafuta mama."

"Na Tui?"

"Tui anashika mkono," Tui akasema mwenyewe, akaunyoosha mkono wake tuuone. Ulikuwa na jamu.

Mtu mmoja tu alimwonya dada yangu. Shemasi Iosua wa kanisa letu alikuwa mlinzi pale Maduka, mzee mpole mwenye mwili wa lori. Jumapili moja alimvuta Sulia pembeni baada ya ibada, nami nikajisogeza, maana maneno ya pembeni ndiyo matamu.

"Binti yangu, mimi pale sioni kitu. Unanielewa? Sioni. Lakini wameleta kamera mpya, na hizo zinaona."

"Nifanye nini, shemasi?"

Iosua akaangalia viatu vyake vya Jumapili. "Sijui. Nakwambia tu kamera."

Sulia akamshukuru. Jumatatu watoto wakaenda Maduka, kwa sababu Jumatatu alikuwa na zamu.

Halafu Mzee Laufili akafa. Alikuwa mkubwa wa kanisa, mwenye wajukuu wa kujaza basi, na msiba wake ulipangwa Alhamisi upande wa pili wa jiji, kwenye ukumbi wa ukoo wake. Sulia aliomba ruhusa kazini akanyimwa. Akatoa mkeka laini wa mama, ule aliokuwa akiuficha chini ya godoro, maana kwetu huendi msibani bila mkeka wa kutoa, akanipa nikamwakilishe. Tuliondoka mchana watoto wakiwa bado shuleni. Mimi nilibanwa kwenye gari la kanisa kati ya masanduku ya samaki wa kopo na akina shangazi waliovaa nyeusi tupu. Fuatino alikuwa amenikalia nusu ya paja.

"Shangazi, mguu wangu umekufa."

"Tutauzika leo hii, mkeka tunao," akasema, gari zima likaangua kicheko, na mchungaji pia, ingawa alijifanya anakohoa.

Akina shangazi wote walikuwa mle au kwenye magari yaliyotufuata. Shemasi Iosua alikuwa mbele, amevaa suti. Hakuna aliyeliona hilo. Sulia mwenyewe alikuwa akisikitika kwamba yeye hatakuwepo msibani. Hakupata nafasi ya kufikiria nani hatakuwepo Maduka.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Losa mwenyewe na kwa bibi mmoja nitakayemtaja. Losa alisimama mahali pake mlangoni akasubiri. Hakuna gauni la maua. Akazunguka na Tui mpaka kwa muuza samaki, kwenye viti vya chipsi, duka la vitambaa, kote patupu. Watu walikuwepo wengi, lakini si wa kufuata. Mlinzi ambaye hawakumjua alishawapita akawatazama, akapita tena akawatazama zaidi. Tui akaanza kunung'unika kwamba ana njaa. Losa akajua muda umekwisha, achague. Akamchagua bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, mnene kidogo, gauni la maua. Kwa macho ya mtoto, sijui angechagua vizuri zaidi vipi.

Wakamfuata kwenye maziwa. Wakamfuata kwenye biskuti. Kwenye chakula cha paka bibi akageuka, na hakuwauliza ni wa nani wala hakuona soksi. Akainama akasema kwa sauti nzuri sana, "Mmepotea, wapenzi?"

Hakuna shangazi aliyewahi kumuuliza Losa kama amepotea.

Yule bibi, Maureen, akawashika mikono, akawanunulia aiskrimu, akawapeleka kaunta ya maulizo. Wakatangaza kwenye spika: mama wa Losa na Tui afike kaunta. Wakatangaza tena. Mama wa Losa na Tui alikuwa anapitisha mashuka ya wagonjwa kwenye mashine ya pasi. Kaunta wakampigia mkubwa wa walinzi, naye akapiga simu polisi kwa sababu utaratibu mpya ulisema hivyo.

Mlinzi mwenzake alimpigia Iosua tukiwa tunashusha masanduku. Nikamwona anasikiliza, halafu anavua miwani. Tukachukua gari la kanisa, mikeka ya watu ikiwa bado imo, tukaanza kuvuka jiji wakati kila mtu ndani ya Sydney anarudi nyumbani.

Tulipofika, walikuwa kwenye chumba kidogo cha kioo nyuma ya kaunta. Polisi wawili, mwanamke wa Idara, mkubwa wa walinzi, na Maureen anayelia. Sulia alishafika na basi lake kama kila siku, yumo katika sare ya kufulia, nywele zimelowa. Tui alikuwa amelala kwenye mapaja yake. Losa amesimama wima kama askari, aiskrimu imeyeyuka mpaka kwenye kiwiko.

"Nakuuliza tena," mwanamke wa Idara akasema. "Nani alikuwa anawaangalia?"

"Watu," Sulia akasema.

"Watu gani?"

"Watu wetu. Wako hapa kila siku."

"Nionyeshe mmoja."

Dada yangu akageuka akatazama nje ya kioo. Watu walikuwa wanapita na vitoroli vyao. Akatazama muda mrefu, mpaka polisi kijana akageuza uso.

"Leo kuna msiba," akasema.

Nikaona hapa pananihitaji. Nikaingia na tabasamu langu lote. "Jamani, mimi ni mjomba wao! Nilikuwa nakuja kuwachukua, foleni ya magari tu, mnaijua barabara ile."

Polisi akaomba kitambulisho. Akasoma. "Jina lako la ukoo si lao. Wala si la huyu dada."

"Kila mmoja na jina lake, bosi. Tungefanana mngetuchanganya."

Kuku kiwandani wangecheka kuliko yeye. Akanitazama shati jeusi, lavalava nyeusi niliyojifunga kiunoni, ua la msiba kifuani. "Na saa tisa mchana ulikuwa wapi?"

Hapo Shemasi Iosua akaona ni zamu yake, akajaza mlango, akasema kwa sauti ya madhabahuni, "Hawa watoto hawakuachwa. Mimi huwa nawaona. Wako salama kabisa hapa, kila siku nawaona."

Mwanamke wa Idara akainua kichwa. "Kila siku?"

Iosua akageuka akamtazama bosi wake, mkubwa wa walinzi.

"Wewe ni mlinzi wa hapa?" mwanamke akauliza. "Umesema kila siku?"

Mkubwa wa walinzi alikuwa anamtazama. Sulia alifumba macho. Alikuwa na mzee mmoja tu wa kumtetea, na mzee amemtetea.

Waliwachukua palepale. Maureen alimfuata Sulia mlangoni akirudia-rudia kwamba alidhani wamepotea, alitaka kusaidia tu. Sulia akamgusa bega. "Ahsante kwa aiskrimu," akasema, na hakuwa anamkejeli. Nilitamani angemkejeli.

Baadaye tulifanya yote tuliyoweza. Idara ilikuja kuona kama mimi na shangazi zangu tunafaa kukaa nao, ikahesabu vichwa, ikahesabu vitanda, ikaondoka. Fuatino alibeba magodoro juu ya gari lake mpaka kwao, akaambiwa tatizo si magodoro. Siku ya mahakama akina shangazi walijaza mabenchi, magauni meupe na kofia za kanisani, na hakimu alipouliza nani hasa alikuwa na dhamana ya watoto hao, wakasimama wote. Hakimu akasema kwamba anachotafuta ni mtu mmoja, si kanisa. Fuatino akamwambia hiyo ndiyo shida yenu. Akatolewa nje.

Watoto wakapelekwa kwa mume na mke wazuri, mji wa nyuma ya milima, wenye mbwa na chumba cha kila mtoto. Mpaka watakapokuwa watu wazima, karatasi ilisema. Sulia angeruhusiwa kuwaona mara chache kwa mwaka, mahali pa wazi, mtu wa Idara akiwepo.

Mara ya kwanza Idara wenyewe ndio waliochagua mahali, na wakachagua Maduka, kwa kuwa ni salama na ni karibu na basi la mama. Msicheke, mimi nilishacheka.

Tukakaa kwenye viti vya chipsi. Tui alikuwa ameongezeka mwili. Alikula bila kutuangalia, akaeleza habari za mbwa. Losa aliulizwa shule ikoje akasema nzuri. Soksi zake zilikuwa zimepanda mpaka gotini, nyeupe, hakuna kitu cha kugombeza. Sulia alizitazama hizo soksi muda wote. Mwishowe akainama akaishusha moja kidogo, halafu akasema, "Soksi yako, binti," akaipandisha. Losa akamwacha afanye.

Kirsten, msichana wa Idara aliyewaleta, akaangalia saa. "Haya wapenzi, semeni kwaheri kwa mama."

Nilijikaza kusubiri kilio. Nilishaandaa hata mzaha wa kukizima. Losa akavaa mkoba. Tui akanyoosha mkono mwenyewe, dada yake akaushika. Kirsten akatangulia, nao wakaingia nyuma yake, si karibu sana, si mbali sana.

"Tui," Sulia akaita, taratibu.

Hawakulia. Hawakugeuka.

Shemasi Iosua siku hizi amewekwa mlango wa maegesho, huko kwenye moshi wa magari. Aliwaona wanakuja, na kamera ilikuwa juu ya kichwa chake, na utaratibu ni utaratibu. Nikasikia sauti yake kutoka tulipokuwa tumesimama.

"Samahani dada. Hawa watoto wako?"

"Ndiyo," Kirsten akasema, akamwonyesha kadi. "Niko nao."

Iosua akawafungulia mlango.