Kikao cha Kumwomba Kadija Msamaha

Kwetu Kasenga mwanamke akinyamaza, watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza nani amemkosea. Ndiyo maana wifi yangu Kadija alipoacha kuongea, kaka yangu Alimasi, mume wake, alinijia mbio.

"Sumaya, dada yangu, Kadija amenikasirikia. Na sijue nimefanya nini."

"Weye haujue hata siku moja," nilimjibu.

Kadija mgongo unamuuma kwa miaka, tangu alipoanguka na beseni la samaki kule bandarini Kalundu. Tulikuwa tumeuzoea, na yeye alikuwa ameuzoea, au ndivyo tulivyodhani. Alikuwa akikaanga sambusa mlangoni mkono mmoja kiunoni, anautukana mgongo wake kwa sauti, na wateja wanacheka. Sasa jiko lilikuwa baridi. Alilala ameelekea ukutani, chakula hataki, usingizi hapati, na ukimsemesha anajibu "eeh" tu. Kadija wa "eeh"! Niliogopa. Ninampenda yule mwanamke kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na nilimwona anatuponyoka.

Basi nikaitisha kikao cha familia. Aliyemkosea ajitokeze, aombe msamaha, yaishe. Tulimketisha Kadija kwenye kiti chenye mito, nasi tukakaa mkekani.

Alimasi alianza. Alisema kile kitenge alichomletea Kadija na kujisifu kukinunua Bujumbura, kwa kweli alipewa bure na rafiki. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Fadhila, mkwe wetu, akalia: ndiye aliyeunguza sufuria kubwa, akamsingizia paka. Hata jirani Agnès, mtu wa Lubarika, ambaye hakualikwa, alipiga magoti akasema yule kuku wa Kadija aliyepotea wakati wa Noeli hakupotea.

Mimi sikuwa na kosa, kwa hiyo sikuomba chochote. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

"Nimebasamehe bote," Kadija alisema, kwa sauti ile ile ya "eeh".

Hata kuku! Kuku yule alimtafuta mtaa mzima, akimwita kama mwanawe. Kicheko kilinikauka. Mtu anayesamehe kuku wake bila kuuliza hata Agnès alimla na nini, huyo hana hasira. Ana kitu kingine.

Niliwafukuza wote, nikakaa karibu naye. "Wifi, hakuna mwenye amekukosea. Niambie, unawazaka nini?"

Alivuta mto mmoja mapajani. "Nawaza kama ningekufa mungepumzika. Alimasi angeoa mwenye mugongo muzima."

Nililia. Sikumwambia avumilie, wala azidishe sala. Kwa sala ananishinda mbali. Nilimvika nguo mwenyewe, maana hakuwa na nguvu ya kuvaa, tukaenda kituo cha afya.

Muuguzi Geneviève hakuanza na mgongo. Alimuuliza analala vipi, anakula vipi, na ni kitu gani alichokipenda zamani ambacho sasa hakina ladha.

"Kugombana na batu ku soko," nikajibu.

"Mama, nimeuliza yeye," Geneviève akanikata. Kisha akamuuliza Kadija waziwazi kama anafikiria kujiua. Kadija akasema hapana, hajapanga kitu, ila kuishi kumemchosha. Geneviève hakushtuka wala hakumhubiria.

"Hii si uvivu, na si shetani," alisema. "Maumivu ya siku mingi inachokesha na roho. Roho ikianguka, maumivu nayo inazidi. Tutatunza yote mbili."

Daktari alimpima, akampa dawa, akaonya kwamba hazifanyi kazi kwa siku moja. Kadija akapewa na kazi: kila asubuhi atembee kidogo, hata kama ni mpaka kwa Agnès, akaange sambusa chache akiwa ameketi, asibaki peke yake na mawazo, na arudi kuonwa. Sisi nasi tulipewa yetu: tusimnyang'anye kila kazi kwa kumhurumia.

Mwanzoni hatukuona kitu. Alimasi alinung'unika juu ya dawa, nikamnyamazisha. Haba na haba hujaza kibaba. Ndipo asubuhi moja nikasikia sauti kwa Agnès, nikatoka kuangalia. Kadija amesimama uani, mkono kiunoni.

"Ile kuku ilikuwa inataga, Agnès! Na hata muchuzi haukuniletea!"

Agnès alikuwa anacheka huku anaomba msamaha wa pili. Nilitamani kupiga vigelegele, nikavipiga.

Mgongo haukupona, nisikudanganye. Mvua zilipoanza ulikaza tena, na simu yangu ikalia mapema.

"Sumaya, mugongo iko nauma, lakini ile najua namna ya kuifanya. Shida ni kwamba tangu jana nimeanza tena kuwaza muko munachoka na miye. Sitaki kubaki na ile mawazo peke yangu. Kuya twende kwa Geneviève."

Nilitoka na unga bado mikononi. Njia nzima nilijiandaa kumbembeleza, kumvika, hata kumbeba ikibidi. Nilimkuta nje, kilemba amekifunga vizuri, mlango ameshaufunga, ufunguo uko mkononi.

"Umekawia," aliniambia.