Kilomita Mia na Kumi, Kuelekea Wapi?

Usiku wa jana niliota nimefeli fizikia, somo ninalolifundisha Manyoni mwaka wa kumi na mbili sasa. Msahihishaji alikuwa spidomita ya pikipiki niliyoazima mwezi uliopita nikimuwahi baba. Ilikuwa imekaa kwenye kiti changu cha darasani, imevaa miwani yangu.

Swali lilikuwa moja tu: taja velositi yako siku ile. Nilikuwa nimejibu kilomita mia na kumi kwa saa. Spidomita ikaweka kosa kwa wino mwekundu.

"Hii ni spidi," ikasema. "Kuelekea wapi?"

Miaka yote nimewakata wanafunzi alama kwa swali hilohilo: velositi ni spidi pamoja na mwelekeo wake. Nikasema Dodoma.

"Na baba yako alikuwa wapi?"

Alikuwa Ikungi. Shangazi Nyamweri alinipigia simu, akasema njoo mbio, hali ya baba imebadilika, nami nikakata kabla hajamaliza. Nilijua baba amelazwa Dodoma, nikashika njia ya mashariki. Hospitalini nikaambiwa kumbe juzi yake walikuwa wamemrudisha nyumbani Ikungi, kaskazini mwa Manyoni. Nikageuza. Nilipopita tena Manyoni nilikuwa nimemaliza kilomita mia mbili na hamsini, na kwa hesabu za somo langu sikuwa nimesogea hata hatua moja. Nilifika Ikungi baba ameshafariki. Tangu tumzike sijarudi, naona aibu.

Ghafla darasa ni uwanja wa nyumbani. Baba yuko barazani, kwenye kitanda chake cha kamba. Langoni amesimama mshale wa chaki, ule niliouchora ubaoni kuonyesha mwelekeo kabla ya likizo, amevaa kofia ya trafiki. Ananiambia haruhusiwi mtu kuingia na spidi tupu.

Basi nakimbia. Miguu inakwenda, uwanja haupungui. Nawasikia majirani wakimwambia baba kwamba nakuja mbio.

"Anakuja huku?" baba anauliza.

Majirani wanageuka kuitazama miguu yangu.

Namsihi mshale. Anashusha pumzi, anavua kofia, anajilaza kiganjani mwangu. Natembea taratibu tu, nafika.

"Nilikimbia, baba."

"Najua ulikimbia, mwanangu. Mimi nilikuwa nakusubiri uje."

Nililia sana. Spidomita iliyatazama machozi yangu, ikaandika "kuelekea chini", ikanipa nusu alama.

Nimeamka kumekucha. Kiganjani pana mstari wa chaki wenye ncha, na wiki ya pili hii sijashika chaki. Nikaugeuza mkono kuelekea jikoni. Mstari ukazunguka kiganjani, ncha ikabaki kaskazini.

Nikampigia shangazi, nikamwambia nakuja kaburini. Akaniuliza nimefika wapi.

"Bado niko Manyoni," nikasema. "Ila naelekea huko."

Safari hii nilisubiri amalize kuongea.