Maji ya Bluu kwenye Boneti

Mama ndiye aliyeanza. Figo zake zimechoka, na mara tatu kwa wiki Baba humpeleka hospitali kusafishwa damu. Alisema kila akishuka getini, watu huliangalia gari kwanza ndipo wamwangalie yeye.

"Wanadhani mgonjwa ni gari," alisema.

Hakutia chumvi hata kidogo. Boneti ilikuwa imepauka mpaka bluu yake imekuwa ya kijivu. Klia, ule mpako wa juu usio na rangi unaofanya gari ling'ae, ilikuwa imeuawa na jua na sasa inabanduka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Baba alikuwa fundi rangi kwa miaka thelathini na mmoja. Kumwambia apeleke gari lake kwa fundi mwingine ni kumtukana mchana kweupe. Lakini vidole vyake vimekaza siku hizi, kushika kikombe tu ni kazi, kwa hiyo akanipigia simu mimi, bintiye wa pekee, fundi cherehani ninayeishi mwendo wa saa mbili kwa basi.

"Pilipili, njoo Jumamosi. Mimi nitakuwa kichwa, wewe utakuwa mikono."

Jina hilo alinipa nikiwa na miaka minne, na sikumbuki kama nimewahi kumpa sababu ya kulibadilisha.

Jumamosi asubuhi nilikuta ameshapanga vifaa vyake uani: ndoo ya maji, sabuni ya vyombo, magazeti, utepe wa gundi, misasa ya maji ya aina tatu, makopo mawili ya klia ya kupulizia, na kipande cha kandambili kuukuu.

"Hicho cha nini?"

"Cha kuzungushia msasa, ukae bapa. Wenye gereji kubwa wana mashine. Wewe una kandambili."

Tukaliosha gari, tukalikausha, nikabandika magazeti kwenye kioo na taa. Baba akakaa kwenye kigoda karibu kabisa na bampa. Aliniambia nianze na msasa wa namba elfu moja, niuloweke kwanza, nisugue kwa kwenda na kurudi, nisizungushe mkono kama ninayeosha sufuria.

"Halafu angalia maji," akasema. "Maji ndiyo yanayoongea. Yakiwa meupe kama maziwa, unakula klia, huna tatizo. Yakigeuka bluu umeshaingia kwenye rangi. Hapo simama, maana umeharibu."

Nikasugua. Maji yalitiririka meupe mpaka kwenye bampa. Kila baada ya muda Baba alipitisha kiganja na kusema, "Hapa kuna ukingo, rudia," na kweli ukingo ulikuwepo, mwembamba hata mimi sikuuona. Nilimwonea fahari baba yangu. Nilijionea fahari na mimi pia, na hapo ndipo nilipokosea. Kwenye mgongo wa boneti, pale bati linapopinda, palikuwa na kipande kimoja king'ang'anizi cha klia. Niliweka kandambili pembeni nikakikandamiza kwa ncha za vidole. Nilitaka kukikomesha.

Maji yakageuka bluu.

Niliganda. Nikajua sasa nitapata yangu. Baba hakuwahi kumvumilia mwanafunzi wake kwa kosa hilo. Mmoja alimfukuza gereji akiwa bado ameshika msasa. Bluu ilishuka taratibu kwenye boneti, ikapita chini ya pua yake, ikadondoka karibu na viatu vyake. Alikuwa ameinama, anaitazama.

Nikangoja anifokee.

"Baba," nikasema, "maji yako sawa?"

"Meupe safi. Endelea hivyo hivyo."

Nilidhani ananitania. Nikachukua kitambaa nilichofutia, kimelowa bluu tupu, nikakiinua mbele ya uso wake.

"Na hiki?"

"Kichafu tu. Kasuuze."

Nikaenda kukisuuza, kwa sababu miguu ilitaka kunipeleka mahali. Nikafungulia bomba. Sikuwaza boneti. Niliwaza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Niliwaza barabara kuu, malori, njia panda yenye taa, na Mama amekaa kiti cha mbele, dhaifu, na mtu aliyeshika usukani hawezi kutofautisha nyeupe na bluu iliyo mbele ya pua yake. Nilitishika. Halafu, kama kawaida yangu, hofu ikageuka hasira.

Nilirudi na kitambaa kinachuruza.

"Baba, unaendeshaje?"

"Naendesha tangu kabla hujazaliwa."

"Sikuulizi tangu lini. Nakuuliza vipi. Maji yale yalikuwa bluu, Baba. Nimekula rangi mgongoni hapo, nimeharibu, na wewe umekaa unaniambia safi."

Alinyoosha mkono, akautafuta mgongo wa boneti, akapapasa mpaka akapafikia penyewe. Kidole chake kikasimama.

"Nilisikia," akasema polepole. "Msasa ulibadilisha sauti."

"Ulisikia, na ukaniacha?"

"Ningekusimamisha ungeniuliza nimeona nini."

Nilimwangalia yule mzee aliyekuwa akirudia gari zima kwa sababu ya punje moja ya vumbi. Ameacha kazi iharibike mbele yake ili siri yake isiharibike. Moyo uliniuma kuliko kama ningemkuta ameiba.

Mama alikuwa amefika mlangoni, ameegemea fremu, khanga mabegani. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Mwache baba yako," akasema.

"Mama, atakuua! Atajiua na yeye, na atamuua na mtoto wa mtu!"

"Nimesema mwache. Mwaka wa pili huu, tumegonga nani?"

Mwaka wa pili. Nilipita pembeni yake bila kuomba radhi, nikachukua funguo kwenye msumari ukutani, nikazifunga kwenye pindo la gauni langu. Nilipotoka, hakuna aliyenizuia. Nilitamani wanipigie kelele. Baba alikuwa bado ameweka kiganja pale pale kwenye boneti.

"Pilipili," akaita. "Usipulizie klia juu ya jeraha. Kwanza rudishia rangi. Kuna kopo la bluu stoo, rafu ya chini. Mipulizo myepesi, usimwage. Acha ikauke, ndipo klia, mara tatu, dakika kumi kila mara."

"Sawa, Baba."

"Na mkono usisimame. Ukisimama itachuruzika."

Nikafanya kama alivyosema, kila hatua, na mafua ya kulia yananisumbua chini ya kitambaa nilichofunga puani. Kufikia saa tisa boneti iling'aa mpaka mawingu yakaonekana ndani yake. Pale mgongoni palibaki doa, bluu iliyoiva kuliko sehemu nyingine, pana kama kiganja. Nilimweleza lilivyo bila kumpunguzia. Akasema kwa kopo la dukani hilo ni la kutarajiwa.

Nilimpigia mwenye duka ninakoshonea nikamwambia sitarudi wiki ile.

Jumatatu nikashika usukani mimi. Baba alikaa kiti cha pembeni yangu, mikono magotini, na Mama alikaa nyuma yake. Nilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia, kwamba ningekuja, kwamba wangeniita, kwamba siri kama ile si ya kumficha mtoto. Niliyameza yote kwa sababu njia panda ilikuwa inakaribia na nilitaka kuonyesha jinsi mtu mwenye macho anavyoendesha.

Mama akasogea mbele. Akaweka mkono begani mwa Baba.

"Taratibu," akasema, kwa sauti ndogo, ya mtu anayehesabu shanga. "Pikipiki kushoto. Imepita. Lori mbele, liko mbali. Nyekundu."

Sikuwa nimemuuliza. Wala hakuwa anasema na mimi. Nilikanyaga breki, na pembeni yangu nikauona mguu wa kulia wa Baba ukishuka, ukakandamiza sakafu tupu na kukaa hapo, umekaza, kama yeye ndiye aliyelisimamisha gari.

Macho yake yalitazama mbele. Kidole gumba cha Mama kilikuwa kikimsugua begani, mbele nyuma, mbele nyuma, na nilijua hata yeye hajui kama anafanya hivyo. Mwaka mzima na zaidi, mwanamke huyu aliyekuwa akitolewa damu yote mwilini na kurudishiwa alirudi nyumbani hivi, hana nguvu ya kushika kikombe, akiwa macho ya mumewe barabarani.

"Kijani," akasema Mama.

Nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Nikangoja mpaka Baba alipoinua mguu wake, ndipo nikaondoa gari.