Mukwa wa Nzisa

Nzisa alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Si ule wa kuuliza bei sokoni halafu ukaenda zako. Wake ulikuwa wa kuuliza mbele za watu, kwa sauti, na kusubiri jibu. Kiwandani Athi River, alikoshona suruali za kupelekwa ng'ambo, wenzake walimchagua awe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi kwa sababu hiyo hiyo. Siku aliyomuuliza meneja kwa nini mwanamume anayeipiga suruali pasi analipwa zaidi kuliko mwanamke aliyeishona, alionyeshwa geti. Akarudi Muthetheni kwa mumewe Festus na binti yao Ndila, na ugonjwa wake akarudi nao.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Niño zikiwa zimebomoa kingo za bwawa la kijiji, mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kulichimba upya. Wanaume waliandikwa kuchimba, Festus akiwa mmoja wao. Wanawake waliandikwa kubeba: walijaza udongo kwenye magunia, wakayafunga kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kipajini na kuushika mzigo mgongoni, wakaupanda ukingo mkali hadi juu. Kila mwanamke alikuja na mukwa wake kutoka nyumbani. Wa Nzisa ulikuwa wa marehemu mamake, umeiva kwa jasho hadi ukawa mweusi, na hakuwahi kumwazima mtu.

Jumamosi ya kwanza ya malipo, mwanamume alihesabiwa shilingi mia na ishirini kwa siku, mwanamke themanini. Wanawake walifunga pesa zao kwenye leso wakaanza kuondoka. Nzisa hakuondoka.

"Bwana Nzioka," alimwambia nyapara, "hii tofauti ni ya nini?"

Nzioka alikuwa mtu wa tabasamu na filimbi. Filimbi ilining'inia shingoni mwake siku nzima, hata akila.

"Mama Ndila, kuchimba ni kazi. Kubeba ni mazoea. Nyinyi mumezaliwa mkibeba."

Wanaume waliangua kicheko. Festus naye alicheka, kidogo tu, halafu akayaangalia viatu vyake. Nzisa alimwona, na kicheko kile kikamuuma kuliko ile arobaini iliyopungua.

Katikati ya wiki Nzioka alimwita Festus kando, akamnunulia soda. Nafasi ya nyapara msaidizi ilikuwa wazi, ina mshahara wa mwezi na kazi yenyewe ni ya kivulini. Ila itafaa kwanza Festus amtulize mkewe. Akishindwa, wote wawili watafute kazi kwingine, na kwingine hakukuwepo.

Festus, mtu asiyejua kuficha kitu, alimweleza Nzisa yote jioni hiyo wakinywa chai.

"Niko na mtoto anaenda form one Januari, mama Ndila."

"Tuko na mtoto."

"Sawa, tuko. Sasa si ungenyamaza tu mpaka hii bwawa iishe? Halafu uendelee na usawa yako."

"Athi River pia waliniambia ningoje oda iishe, baba Ndila. Oda haikuisha. Mimi ndio niliisha."

Usisikie watu wakisema wanaharakati hawaogopi. Nzisa aliogopa karo, aliogopa kibaba cha mwisho cha unga, na zaidi ya yote aliogopa kuishi na mtu aliyenunuliwa kwa soda. Alimpenda Festus. Hakutaka kumburuta.

"Wewe fanya yako," akamwambia, "na mimi nifanye yangu."

Kesho yake alimfuata jirani na mbebaji mwenzake Munyiva, mwanamke ambaye hata akinong'ona kuku hushtuka.

"Tugome?" Munyiva akauliza.

"Tukigoma ataleta wengine kutoka Tala. Hapana. Tutafanya kazi. Tena ile ya pesa nyingi."

"Aiya, Nzisa!" Munyiva alicheka hadi akashika mbavu.

Ijumaa mhandisi wa mkandarasi alitarajiwa adhuhuri kuja kukagua, na Nzioka alikuwa amevaa tai. Kabla filimbi haijalia, wanawake walipita mbele yake mmoja mmoja, wakiitupa mikwa yao chini mpaka ikawa rundo. Wanaume walikuwa bado kwenye uji, majembe yao yameegemezwa ukingoni. Wanawake wakayachukua, wakashuka.

"Ni nini hii?" Nzioka akauliza.

"Leo tunachimba," Nzisa akajibu kutoka chini. "Kubeba si ni mazoea tu? Wanaume nao wazoee."

Basi wakachimba. Wanawake wa Ukambani hawafundishwi jembe. Matuta yale unayoyaona yamezunguka milima ni wao walioyachimba, kikundi kwa kikundi, wakiimba, bila kulipwa senti. Siku hiyo waliimba vilevile. Udongo ulirundikana magotini mwao na hapakuwa na wa kuuondoa.

Maana kwetu mwanamume atabeba gunia begani, atalifunga kwenye baiskeli, atampakia punda. Lakini mukwa kipajini? Ataimbwa kwa dhihaka hadi kaburini. Wanaume wakajaribu toroli, ikazama kwenye matope. Muindi, kijana mwenye kifua cha kujivunia, alijitwika gunia begani akapanda hatua chache, akateleza, akarudi alikotoka akiwa ameketi. Wanawake walilazimika kuacha kuchimba ili wacheke vizuri.

Nzioka alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamwiva. Mwishowe akaitema.

"Festus! Toa bibi yako huko chini, ama muende nyumbani nyinyi wote wawili!"

Watu wote wakamgeukia Festus. Nzisa alisimama na jembe mkononi. Kama mumewe angemwita, ingembidi amkatalie mbele ya umati, na jambo hilo lisingekwisha leo wala kesho. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na swali.

Festus akaliendea lile rundo. Akapekua, akapekua, mpaka akaupata ule mweusi. Akashuka, akajaza gunia, akalifunga, akauweka mukwa kipajini. Aliuweka vibaya, ukamziba macho. Nzisa alisogea akaupandisha kidogo kwa kidole.

Kisha Festus akaupanda ukingo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake. Juu kabisa Festus alimwaga udongo, akainama akihema.

"Nzioka," akasema pumzi zilipomrudia, "hii ni kazi."

"Na bado mizigo mingine ya siku nzima!" Munyiva akampigia kelele.

"Kwa themanini mimi sibebi!" Muindi akasema.

"Hata mimi! Hiyo ni wizi!" mwingine akadakia.

Nzisa hakuwahi kusikia wanaume wengi hivyo wakitetea malipo ya wanawake, ingawa kila mmoja alikuwa akiitetea shingo yake mwenyewe. Katikati ya makelele hayo ndipo mhandisi akafika. Akauliza ni nini kitafanya udongo uondoke. Akaambiwa. Akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Mwala, akatazama shimo, akamwambia Nzioka alipe watu wote sawa, mia na ishirini, na wasimpotezee siku. Kumbe yalikuwa hayo tu! Nzisa aliudhika karibu sawa na alivyofurahi.

Unyapara Festus aliukosa, bila shaka. Jioni aliketi kwenye kigoda, shingo imekataa kugeuka, Nzisa akimkanda kwa mafuta ya moto.

"Mama Ndila."

"Naam."

"Kila siku ulikuwa unarudi na shingo kama hii?"

"Kila siku."

"Halafu unawasha jiko?"

"Halafu mnakula."

Festus aliipapasa shingo yake. Kisha akainuka, akageuka mwili mzima kama mlango, akachukua sufuria.

"Unga huwa unakaa wapi?"

Nzisa akamwonyesha. Akatoka nje, akalia kidogo karibu na ghala, machozi ya furaha na ya miaka yote ile. Alipoitwa kula alijipangusa uso kwa leso akaingia. Ugali ulikuwa mbichi katikati, na aliumaliza wote.