Kipa wa Baraza la Jiji

Mpira wapi! Huyo hajawahi kudaka hata chungwa lililodondoka mezani. Jina la Kipa alilipata kikaoni, kwa kusikia vibaya, likamganda kama kupe.

Alikuwa fundi cherehani, na diwani wa kata ya soko. Enzi hizo, kabla Bunge halijakaa, madiwani walijifungia ukumbini kuchagua mambo matatu ya kumtuma mbunge akayapiganie. Matatu basi, ukimbebesha mengi, walisema, atayamwaga yote njiani. Na ukumbi ule, jamani! Sakafu inanukia nta, feni inalalamika kama mama mkwe, madirisha wazi unasikia mpaka wapiga soga wa nje. Leo ni vioo vitupu, hata kujikuna unaona haya.

Mwaka huo ulikuja muswada wa kulinyang'anya jiji soko, liwe la serikali kuu. Mke wa fundi alikuwa na meza ya nyanya pale, ameachiwa na mamake. Asubuhi alimwambia mumewe, "Soko likienda, nahamishia nyanya zangu juu ya cherehani yako. Utashona ukikwepa mbegu."

Basi kikao kikaanza. Katibu akakohoa: "Waheshimiwa, leo ni kipaumbele tu."

Fundi, masikio yake yameshaliwa na kelele za cherehani, akaruka: "Kipa mbele? Sasa golini anabaki nani?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Rafiki yake mwalimu, diwani wa kata ya jirani, alivua miwani akafuta machozi. "Ki-pa-u-mbe-le, bwana wee! Jambo la kutangulia!"

Fundi akajikunyata. Wenzake wakaendelea: huyu daraja, yule uwanja, mwalimu taa za barabarani, maana kata yake ilikuwa giza totoro. Soko hakuna aliyeligusa. Wakakaribia kupiga kura. Fundi akaona nyanya zinabingirika juu ya cherehani, akasimama, jasho linamtiririka.

"Nichekeni tena, ndugu zangu. Lakini wote hapa mnakimbilia kufunga magoli, golini hakuna mtu. Daraja hatuna bado, uwanja hatuna, taa hatuna. Soko tunalo, na ndilo linachukuliwa."

"Kaa chini, Kipa!" mtu akapiga kelele.

"Mwacheni," akasema meya, mama aliyekuwa mkunga zamani, asiyependa makelele. "Mikono juu."

Daraja likapita. Uwanja ukapita. Soko likazipiku taa kwa mkono mmoja.

Mwalimu alitoka bila kuaga. Fundi akamkimbilia hadi kwenye ngazi.

"Taa zangu zimezimwa na nyanya za mkeo," mwalimu akasema.

"Ni kweli, ndugu yangu. Sina la kujitetea. Twende nyumbani."

"Siendi."

Lakini miguu yake ilikuwa inaenda. Ndivyo walivyokuwa watu wa zamani, Mungu awarehemu: wananuna huku wanakufuata.

Mke alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi, sufuria limefunikwa, watoto wanalizunguka wakimeza mate. Chakula hakipakuliwi mpaka asikie.

"Soko?"

"Limeingia."

Akashusha pumzi. Kisha akaiona sura ya mwalimu. "Na wewe, shemeji, umepata nini?"

"Giza."

"Basi kaa huku penye kandili," akamsogezea kigoda, "na nyama uanze kuchagua wewe."

Mwalimu akajaribu kununa zaidi, ikashindikana. Wakanawa mikono, watoto wakabanana kumpa nafasi, na wote wakakaa wakala.