Pikapu Isiyopigwa Nyundo

Kabla sijapeleka posa, mzee aliniita kwake nikambadilishie boli jointi za pikapu. Binti yake alininong'oneza pale getini, "Huu ni mtihani. Ukifeli, usijisumbue kutuma washenga."

Sikuwa na wasiwasi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika ufundi wa magari, na boli jointi nazibadilisha huku napiga mluzi. Ni vile vifundo vya chuma vinavyoshika gurudumu la mbele na kuliacha ligeuke. Vya mzee vilikuwa vimelika mpaka ukitikisa tairi linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Nina sharti moja," mzee alisema. "Gari hili halipigwi nyundo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Pikapu ile, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ilifika nyumbani miaka miwili kabla binti hajazaliwa. Mzee huiita kifungua mimba wake na huifuta vumbi kwa fulana yake mwenyewe. "Atakayeipiga," aliongeza, "binti yangu simpi."

Sasa, boli jointi iliyokaa miaka ishirini na ushee haitoki kwa kubembelezwa. Nilianza upande wa kushoto. Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikavua tairi, nikalegeza nati. Ncha ya boli jointi imeng'ang'ania tunduni, haitikisiki. Nikamwaga mafuta. Nikabinua kwa mtaimbo. Nikalala chali nikasukuma kwa miguu yote miwili. Mzee, aliyeketi hatua mbili kutoka kichwani pangu, akanishauri niseme nayo kwa upole. Nashukuru hakusikia nilichoiambia.

Dawa yake ni moja: unaligonga kwa nguvu pembeni lile jumba la chuma lenye tundu, na ncha inaruka yenyewe. Fundi yeyote analijua hilo.

Binti alipoleta maji ya kunywa aliusoma uso wangu, akaona nyundo niliyoificha chini ya tambara, akaingia ndani moja kwa moja. Haukupita muda mama yake akaita, "Baba watoto, chai inapoa!"

Mzee akaenda sebuleni shingo upande. Mara nikasikia jikoni kinu kinatwangwa. Du! Du! Binti akachungulia dirishani, akanikonyeza.

Mchi ukishuka, nami nashusha nyundo. Du! Du! Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama aliponogewa. Akaongeza kasi. Akatia na madoido: du-du, du, du-du-du! Nami huku chini jasho linanitoka, namfuata mama mkwe mtarajiwa bila kujua atashukia wapi. Kwa dakika zile nilimpenda mama yule kuliko hata binti yake.

"Mke wangu," sauti ya mzee ilitoka sebuleni, "unatwanga nini asubuhi yote hii?"

Mchi ukanyamaza. Nyundo yangu ilikuwa tayari hewani.

Du!

Boli jointi ikaachia kwa kishindo ambacho hata majirani walikisikia. Nikabaki nimekumbatia nyundo. Kupitia dirisha la jikoni nikamwona mzee anaingia, anakiinamia kinu. Hakikuwa na hata punje moja. Akamtazama mkewe. Akamtazama binti, ambaye ghafla alikuwa anasoma kwa makini maandishi ya kopo la chumvi. Kisha akageuka dirishani, akaniona mimi, na nyundo kifuani.

Niliogopa, sisemi uongo. Nilijua mke nimeshamkosa.

Mzee akavuta kiti, akaketi akilipa gari mgongo, akafumba macho na kuziba masikio kwa vidole viwili.

"Twanga, mama watoto," alisema. "Upande wa kulia bado."