Mashine Iliyoacha Kuuliza

Mashine ilifunguka moja kwa moja, bila kumuuliza chochote.

Dorah Mokeira aliizima, akaiwasha tena. Picha ya milima ikatokea upesi. Kidole chake kilibaki juu ya kitufe cha Enta, hakijui la kufanya.

Kwa miaka minne, kabla ya kufunguka, kompyuta hiyo kuukuu ilikuwa ikisimama kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe: MAMA, UMEKUNYWA CHAI? Haikuendelea mpaka abonyeze. Bintiye Lynnet ndiye aliyeyaingiza maneno hayo kwenye faili la kuwashia, likizo ile ya mwisho kabla homa ya mapafu haijamchukua, kwa kuwa mama yake alizoea kufungua duka lake la uchapaji na tumbo tupu.

"Utoto huo," Dorah alimkemea. "Wateja watanicheka."

Tangu mazishi ya Lynnet, kila asubuhi alibonyeza Enta, akidanganya kuwa amekunywa.

Saa tatu fundi Bonface Matiko alikuwa ameshaketi mbele ya mashine. "Mama Lynnet, hii imepona! Inaruka kama mbuzi wa Kehancha. Sasa unalia nini?"

"Silii. Angalia faili la kuwashia."

Akaangalia. "Jana uliweka programu gani?"

Ya fremu za maua. Mteja wake Marcella alitaka picha ya marehemu mama mkwe wake izungushiwe waridi kwenye kijitabu cha mazishi. "Kama kile cha mazishi ya kule Rangwe, Mama Lynnet, usiniaibishe." Dorah akachomoa sidii ya zamani, akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi.

"Basi imefuta yaliyokuwamo, ikaandika yake," Bonface alisema. "Hizi programu za kitambo hazipigi hodi. Lakini huwa zinaacha nakala ya faili la kwanza kando." Akaifungua nakala. "Uliiweka mara ngapi?"

"Mbili. Ya kwanza ilikwama."

Bonface alijikuna shingo. "Mara ya kwanza ilitunza nakala ya faili la Lynnet. Mara ya pili ikatunza lile ililokwisha kulibadilisha, juu ya ile nakala, ikaifuta. Pole, mama."

Dorah alikunja kitambaa cha kufutia vumbi, akakikunjua, akakikunja tena. Yeye, mwenye diploma ya kompyuta, aliyewapigia kelele wanafunzi wake wa kuchapa: weka nakala kabla hujagusa kitu!

"Ni maneno matatu tu," Bonface alisema taratibu. "Niambie, nayarudisha sasa hivi."

"Acha."

"Dakika moja, Mama Lynnet."

"Nimesema acha. Yatakuwa yako, si yake."

Marcella aliingia akihema, akaona kijitabu cha kwanza kikitoka kwenye printa. "Yawa! Ona mathe vile amependeza! Hayo maua ulitoa wapi?"

"Usishike, wino haujakauka," alijibu Dorah, akamgeuzia mgongo. Alichapa vijitabu mia moja, kimoja kimoja, na kila waridi lilitoka zuri.

Asubuhi iliyofuata alinunua chai kibandani kwa Zilpah, kwa mara ya kwanza. Akaiweka kando ya kibodi, akawasha mashine. Milima ikafunguka papo hapo.

Alibonyeza Enta hata hivyo. Kisha akakaa, kikombe mkononi, utando wa maziwa ukiganda polepole juu ya chai.